Mpima Ardhi na Mshika Kibendera

9 Februari

Mwanangu Kiberiti,

Salamu nyingi, tena za moto moto. Huku sote wazima, ukiacha goti langu ambalo lina mambo yake. Paka amenenepa mpaka hapiti tena chini ya geti, siku hizi inabidi akae nje alie mpaka afunguliwe kama mgeni. Bomba la jikoni bado linavuja. Baba yako anasema atalitengeneza Jumamosi, ila hajasema Jumamosi ya mwaka gani.

Najua utauliza kwa nini nakuandikia barua na simu ipo. Simu nimeichoka. Nikikupigia nakuuliza hujambo, unasema sijambo, nakuuliza umekula, unasema nimekula, halafu tunabaki kusikilizana tunavyopumua mpaka salio liishe. Kwenye barua huwezi kusema uko poa ukaishia hapo, utaona haya kutuma karatasi nyeupe. Kwa hiyo na wewe unijibu kwa karatasi.

Sasa niingie kwenye lililonifanya nikae mezani. Maktaba tumepokea vitabu vipya, na kama kawaida yangu nimejipa kazi ya kuvisoma kabla ya wasomaji. Wasomaji wenyewe wengi wanakuja kuchaji simu. Kuna kimoja kimenikaba. Mwandishi amezunguka miaka mingi akizungumza na vijana, wenye kazi na wasio na kazi, waliomaliza shule na walioikimbia, akitaka kujua kwa nini huyu anaamka ana hamu na siku yake na yule anajifunika shuka mpaka mchana. Nilidhani atasema ni uvivu, kama baba yako asemavyo. Hakusema hivyo. Anasema wengi wao wana jambo wanalolipenda na wanalifanya, ila hakuna anayewaona wakilifanya, na taratibu wanaanza kudhani si jambo. Tena anasema si suala la kupigiwa makofi, makofi yako kila mahali. Ni mtu kukwambia, nimekuona ulipofanya kile, na nimekielewa.

Nilifunga kitabu nikakufikiria. Uliacha chuo cha upimaji ardhi ukiwa mwaka wa mwisho, ukaiacha darubini ya kupimia ambayo baba yako alikuwa anakutunzia kabatini tangu astaafu, ukaenda kukimbia na kitambaa pembeni mwa uwanja wa mpira. Haya, sikulaumu, ugomvi huo tulishaumaliza. Lakini mimi niliyekulea tangu mama yako atutoke, sijawahi hata siku moja kukuuliza kazi hiyo inafanywaje. Nieleze. Nieleze kama unayemweleza mtu asiyejua mpira, maana ndivyo nilivyo.

Baba yako hajakutaja. Nakwambia mapema ili usipate tabu ya kuuliza.

Shangazi yako


1 Machi

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma kazini nikiwa nimesimama, na shuka moja la hoteli limeungua pembeni kwa sababu ya huyo paka. Msimamizi amenikata jicho, lakini hawezi kunifukuza, kwa kuwa mimi ndiye pekee ninayejua kunyoosha mashuka yenye mpira pembeni yakakunjika kama karatasi. Goti ulipeleke hospitali, usilipake kila dawa anayokuletea jirani. Chumba changu ni kizuri. Dirisha linafunguka. Jirani wa ukuta mmoja ana wimbo mmoja tu na ameamua tuujue wote.

Kazi yenyewe ni hivi. Uwanjani waamuzi tuko watatu. Wa kati ana filimbi. Sisi wawili tunakimbia pembeni, kila mtu na upande wake, na bendera mkononi. Mimi natakiwa niwe sambamba na beki wa mwisho, popote aendapo, akisogea nasogea, akirudi narudi, mpaka nadhani wengine wananiona kwenye ndoto. Mshambuliaji akiwa amempita beki huyo wakati mwenzake anampigia mpira, ameotea, nainua bendera. Angalia hapo: wakati mpira unapigwa, siyo wakati unapomfikia. Watu wote wanagombana nasi kwa ajili ya hapo. Mpigaji yuko kule, mshambuliaji yuko huku, na mimi nimepewa macho mawili tu. Basi nimejifunza kumtazama beki na kuusikiliza mguu. Usicheke. Kiatu kikigusa mpira kinalia, na mlio huo ndio unaoniambia: sasa. Hata kelele zikizidi nausikia.

Na kuna jambo ambalo huyo mwandishi wako angelipenda. Bendera yangu haisimamishi chochote. Kinachosimamisha ni filimbi. Nikishainua, mwamuzi wa kati lazima anitazame. Asiponitazama, nimeshika kitambaa tu, kama alivyosema baba. Mwezi uliopita nilipangwa na mmoja ambaye hakunitazama. Niliinua, mchezo ukaendelea. Nikabaki nimeinua, ndiyo sheria, mpaka bega likaanza kutetemeka, na jukwaani mtu akapiga kelele, "Dada, shusha, nguo imeshakauka!" Goli likafungwa, likakubaliwa. Baadaye tukiwa chumba cha waamuzi akaniambia hajazoea kutazama upande ule. Sikulia. Nilifunga kamba za viatu vyangu mara kadhaa.

Sasa niko na mwingine, tunamwita Mwalimu kwa sababu ndiye kweli, anafundisha hesabu shule ya msingi. Yeye ana utaratibu wake. Mchezo ukiisha, kabla mtu hajavua viatu wala kugusa maji, kila mmoja anamwambia mwenzake kitu kimoja alichomwona akifanya. Siyo hongera. Kitu. Mara ya kwanza aliniambia, "Nilikuona pale ulipoiacha bendera chini. Wengi wangeinua." Shangazi, nilitembea mpaka nyumbani nikitabasamu kwa jambo ambalo sikulifanya.

Mwisho wa msimu kamati ya waamuzi inaamua nani aingie kwenye orodha ya kudumu na nani arudi alikotoka. Mimi bado niko kwenye majaribio. Nataka sana, sitaki kukuficha.

Umeandika baba hajanitaja. Sawa. Kweli sikuwa nimeuliza.

Mimi Kiberiti wako


20 Machi

Kiberiti mwanangu,

Marahaba. Natumaini mashuka hayajaungua tena. Huku ni amani, bomba linavuja kwa utulivu, na goti nimelipeleka hospitali. Daktari kaniambia nipunguze ngazi. Nimemwambia awaambie waliojenga maktaba.

Nimejaribu yale ya kitabu. Kinasema usimsifu mtu juu juu, mwambie ulichokiona. Nikaanza na mlinzi wetu wa maktaba. Nikamwambia, "Nimekuona unavyofungua geti kwa mkono wa kushoto, taratibu, lisipige kelele watu wakisoma." Nilidhani atafurahi. Mwanangu, maskini akaingiwa na hofu. Kesho yake akafungua kwa mkono wa kulia, geti likalia mpaka mtaa wa pili, na mchana akaja ofisini kuniuliza ni nani amemchongea kwa mkuu. Ilinibidi nimnunulie chai. Mwandishi hakusema kwamba watu wasiozoea kuonwa wakionwa hushtuka.

Nikajaribu kwa kaka yangu. Nikamwambia, "Nimeona ulivyoupunguza ua wa mbele, umenyooka kama umepigwa rula." Akashusha gazeti akanitazama. "Unataka nini?" Ndiyo shukrani niliyoipata.

Nikaona basi, nitumie mbinu nyingine. Nikakaa sebuleni nikamsomea paka barua yako, kwa sauti. Baba yako alikuwa nyuma ya gazeti lake. Sitii chumvi, tangu nilipoanza mpaka nilipomaliza, ukurasa haukugeuka. Nilipofika pale kwenye kuusikiliza mguu, gazeti likasema, "Haiwezekani." Baadaye likauliza, "Uwanja wenyewe una upana gani?" Nikamjibu kwamba sijui, amuulize anayejua. Akasema alikuwa anauliza tu kwa ajili ya tangazo fulani gazetini. Nililisoma gazeti lile lote usiku ule. Halina tangazo lolote la uwanja.

Sitaki ujenge matumaini makubwa. Unamjua. Ni mtu aliyemfanya mteja asubiri mwezi mzima kwa sababu jiwe moja la mpaka lilimtia wasiwasi. Lakini gazeti halikugeuka, na mimi nimeona niliseme hilo.

Ujikaze kisabuni. Ule vizuri.

Shangazi yako


22 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Hali yangu si mbaya, hali ya paka sitaiuliza leo, utanisamehe.

Timu anayoishabikia baba ilicheza hapa Jumapili. Labda mmesikia kwenye redio, maana wametangaza kila kitu isipokuwa rangi ya soksi zangu. Nilipangwa upande wa jukwaa kubwa. Mashabiki wao walikuja mabasi matatu. Mchezo ukaenda mpaka karibu na mwisho, bila kwa bila. Kisha kiungo wao akapiga pasi ndefu, mshambuliaji akaipata akiwa peke yake, akafunga. Jukwaa zima likaruka. Na mimi nimesimama nimeinua bendera.

Nilisikia mguu, Shangazi. Nilimwona beki. Mwalimu akanitazama mara moja, akapuliza.

Sijui nikuelezeje kilichofuata. Chupa zilikuja. Niliitwa majina ambayo nikiyaandika hapa karatasi itanuka. Wakauliza kama nimevaa miwani ya mbao, wakaniambia nikapike, wakaniambia nirudi kwa baba yangu anifundishe kuona. Katikati ya kelele zile kulikuwa na sauti moja nzito, ya mtu mzima, ikapaa juu ya nyingine zote: "Kibendera! Mstari huo umeupimia kamba ya kuanikia nguo?" Watu wakacheka. Nusura nami nicheke, maana lilikuwa tusi pekee lenye akili siku ile.

Chumbani Mwalimu aliniambia, "Nimekuona ulivyosimama. Nilikutazama mara moja kwa sababu sikuhitaji mara ya pili." Lakini Mwalimu si kamati. Timu imelalamika, redio imelalamika, na jana nimeambiwa nisiguse bendera mpaka kamati ikae mwezi wa sita. Wakiamua vibaya, unga wangu umemwagika.

Sasa nikwambie ambalo sijamwambia mtu. Jumapili nilikuwa na uhakika. Jumatatu nilikuwa na uhakika kidogo. Leo sijui tena nilichokiona. Nikifumba macho namwona beki, halafu nawasikia watu wote wale, na beki anasogea.

Naomba umuulize baba kama ile nafasi ofisi ya ardhi, kwa rafiki yake, bado ipo. Mwambie nitakaa mezani na nitakuwa mtulivu.

Kiberiti


10 Mei

Shangazi,

Hujajibu. Goti? Au umemuuliza baba na jibu halifai kuandikwa?

Nimeanza kufunga begi. Nimeanza na vitabu, kwa kuwa ni vizito na vinanipotezea muda.

K.


14 Mei

Mwanangu mpenzi,

Nisamehe. Goti halina kosa. Nimeandika barua hii mara kadhaa na kuichana, kwa sababu kuna jambo nililokatazwa kukwambia, na kila nilipojaribu kuliruka, barua ilibaki haina maana. Leo nimepiga moyo konde. Kama baba yako atanihamishia chumba cha uani, nitahama na paka.

Jumamosi ile kabla ya mchezo, baba yako aliniambia anasafiri kwenda kung'oa jino. Nikamuuliza, huku hakuna madaktari wa meno? Akasema yule wa kule ana mkono mwepesi. Akavaa kofia ile ya kazini, akapanda basi. Akarudi Jumatatu na meno yake yote.

Ile sauti nzito ni yake.

Kaa chini kwanza, kisha endelea kusoma. Mwenyewe anashikilia kwamba alifuata timu. Mtu ambaye tangu nimjue hajawahi kuifuata timu hata mtaa wa pili, anasema ugenini wanauza chai ya baridi! Alikwenda kukuona wewe, mwanangu, na hilo hatalikubali hata akibanwa na mlango. Aliniambia, baada ya kumsumbua siku nyingi, kwamba alikaa safu ya juu, na mchezo mzima hakuutazama mpira. Aliitazama miguu yako. Aliniambia, "Hakuacha kuwa sambamba na yule beki. Hata mara moja." Kisha timu yake ikafunga, bendera ikainuka, na kaka yangu, ambaye ameishabikia timu ile tangu hajaota ndevu, akasimama na kutukana pamoja na wenzake. "Nilisimama kabla sijakumbuka ni nani," ndivyo alivyosema. Alipokumbuka, watu walikuwa wanacheka na wanampiga begani kumsifu. Akakaa chini. Hakuuona mwisho wa mchezo.

Tangu hapo hali chakula vizuri. Anasukuma sahani anasema chumvi imezidi, na chakula hicho amekipika mwenyewe.

Unadhani nilimhurumia? Nilimgombeza mpaka sauti ikanikauka. Nikamwekea kitabu changu mbele yake, nikamwambia, soma hapa, mwanao anataka kurudi kukaa kwenye meza ya ofisi ya ardhi awe mtulivu, yule mtoto ambaye hajawahi kuwa mtulivu hata tumboni mwa mama yake! Mwandikie. Mwambie umemwona, mwambie amefanya vizuri. Unajua alinijibu nini? "Lile lilikuwa goli. Siwezi kumwambia mwanangu amefanya vizuri na huku amekosea. Nimsifie kosa?" Nikamwambia, basi mwambie ulichokiona kwenye miguu yake. Akasema miguu bila bendera si kazi, ni mazoezi.

Kitabu changu hakina ukurasa wa mtu kama huyu. Nimekitafuta.

Ile nafasi ya ofisini nimemuuliza. Ameniuliza kwa nini unaitaka. Nikamsomea ile sehemu ya beki anayesogea, neno kwa neno. Aliinuka akaenda nje akasimama kwenye bomba, nadhani alitaka nidhani analitengeneza.

Naendelea, 23 Mei

Barua sikuituma kwa kuwa mambo yameanza kutokea, na nataka uyapate yote pamoja.

Siku ya pili yake baba yako alikwenda kwa kinyozi. Hana nywele za kunyoa, unajua. Kinyozi ana ile video ya goli kwenye simu yake, anawaonyesha wateja wapandishe hasira wakaze shingo anyoe. Baba yako akamwomba airudie, airudie tena, aisimamishe, airudie, mpaka wateja wakahama duka. Akarudi amechora kwenye kiganja.

Juzi akafungua kabati, akatoa vyombo. Darubini, miguu yake mitatu, mkanda, vigingi, kila kitu. Akaenda uwanja wa shule. Nilimfuata kwa mbali na goti langu. Amemsimamisha mlinzi wa shule mahali pa beki. Amemsimamisha mwalimu wa zamu mahali pa mshambuliaji, naye hajui kwa nini, ila baba yako ana sauti ya mtu ambaye huwezi kumkatalia. Mahali pa mpiga pasi ameweka ndoo. Akawa anakimbia kutoka darubini hadi ndoo, kutoka ndoo hadi darubini, anamwambia mlinzi, "Geuza bega! Beki hakuwa hivyo!" Watoto wa shule wametoka madarasani wote. Sijamwona kaka yangu hivyo tangu astaafu.

Jana ameshinda kwenye meza ya kulia chakula na rula zake, tumekula tumepakata sahani. Leo asubuhi amenipa bahasha hii, ameifunga kwa gundi, akasema, "Iweke humo kwenye barua zako." Nikamuuliza, imekuwaje, goli au si goli? Akasema, "Ni ya mwenyewe."

Basi naituma kama ilivyo. Sijui kilichomo, na nakuapia nimejaribu kuiweka kwenye mwanga wa dirisha, ametumia karatasi nene. Kama amekuandikia kwamba ulikosea, mwanangu, ujue tu kwamba ilimchukua siku zote hizi na mlinzi wa watu kusimama juani. Hakuna mtu mwingine aliyejisumbua hivyo kwa ajili ya bendera yako. Begi liache wazi kwanza.

Nakupenda kwa namna zote.

Shangazi yako


11 Juni

Shangazi wangu,

Shikamoo, na shikamoo tena, hii ya pili ni ya kunifuatilia mpaka uwanja wa shule na goti bovu.

Nilikasirika, nisiseme uongo. Nilipofika pale ulipoandika kwamba sauti ni yake, niliweka barua chini nikanyoosha mashuka mpaka stoo ikajaa. Kumbe tusi pekee lililonichekesha lilitoka nyumbani. Nilipoisoma tena nikaiona kofia ile safu ya juu, nikamwona ameketi katikati ya watu waliosimama, na hasira ikawa inakosa pa kushika.

Bahasha nilikaa nayo siku mbili. Niliogopa. Kamati ingesema nimekosea ningelia, ningekula, ningelala. Lakini baba akipima kitu, kimepimwa.

Nikaifungua kazini, wakati wa chai, juu ya meza ya kunyooshea. Ni karatasi moja ya ramani. Hakuna "mwanangu mpendwa", hakuna salamu, hakuna chochote. Amechora uwanja, kwa wino, kwa kipimo. Amechora hata mshale wa kuonyesha kaskazini, Shangazi, kwenye mpira wa miguu! Kuna nukta A, beki. Nukta B, mshambuliaji. Nukta C, mpiga pasi, sasa najua kuwa ni ndoo. Kutoka A amepiga mstari mwekundu kukata uwanja, na B yuko ng'ambo ya mstari. Pembeni ameandika kwa ule mwandiko wake mdogo: "Wakati wa kupigwa mpira, B amempita A kwa sentimita arobaini hivi. Ameotea."

Hapo nilikuwa tayari sioni vizuri. Lakini chini kabisa kuna yale maneno mawili, ambayo huenda wewe hukuyatilia maanani na mimi niliyaona kila siku utotoni kwenye kila ramani iliyotandazwa mezani kwetu. "Aliyepima", na nafasi ya jina. "Aliyehakiki", na nafasi ya jina. Aliyepima ndiye mwenye kazi. Mhakiki anakuja baadaye kuangalia kama mwenye kazi hakukosea. Miaka yote ile jina la baba lilikaa juu, na la chini liliandikwa na vijana wa ofisini.

Penye "Aliyepima" ameandika jina langu. Lote, na la kwake mwishoni, kama kwenye cheti cha kuzaliwa. Yeye amesaini chini, penye "Aliyehakiki", akagonga mhuri wake wa zamani. Wino umekauka kidogo upande mmoja, bila shaka aliupulizia mvuke wa mdomo ulainike.

Nililia juu ya mashuka ya hoteli. Msimamizi alikuja, akaitazama ile karatasi, akauliza kama tumepata kiwanja.

Kamati imekaa jana. Sikuwaonyesha karatasi. Ningewaambia nini, mhakiki ni baba yangu na ni shabiki wa timu iliyolalamika? Mwalimu aliongea kidogo. Kisha mwenyekiti akaniuliza kama bado nina uhakika na nilichokiona. Nikafumba macho kidogo. Beki hakusogea. Nikasema ndiyo, na nikaeleza, mguu, bega, mstari, kila kitu. Wakatoka, wakarudi. Nimerudishiwa bendera, na jina langu limepelekwa kwenye orodha ya kudumu.

Begi nimelifungua. Vitabu vimerudi kwenye dirisha, isipokuwa vya upimaji, ambavyo nimeviweka karibu na kitanda, kwa kuwa kuna mambo mawili matatu kwenye ramani ile ningependa kubishana naye. Amesahau kuandika tarehe. Mwambie ramani isiyo na tarehe angeirudisha mwenyewe.

Mwambie mlinzi wa shule asante. Mlinzi wa maktaba mwambie aendelee na mkono wa kushoto.

Na mwambie baba hivi, usimsomee paka, msomee yeye. Msimu mpya unaanza huko kwenu, uwanja wa nyumbani wa timu yake, na nimepangwa upande wa jukwaa anakokaa. Nitakuwa karibu kiasi cha kumsikia hata akikohoa. Sitamtazama, kazi hainiruhusu, nitakuwa namtazama beki. Lakini nitajua yupo. Nikiinua bendera na damu ikampanda, asimame tu, atukane kama wenzake, mimi nimeshazoea. Ila safari hii, kabla ya tusi, aanze na "mwanangu".

Mimi Kiberiti wenu